Duka la Mama Axton: kijiwe kilichozaa soul na karatasi iliyokimaliza

Leo naomba uniwie radhi, zile habari za nani kamtosa nani na nani kaonekana wapi usiku wa manane tunaziweka kiporo, maana juzi pale maskani ulizuka ubishi mkali ajabu. Swali lilikuwa hivi: muziki mtamu unatoka wapi? Mmoja akasema ni kipaji tu, mtu anazaliwa nacho. Mwingine, ambaye kwake kila kitu ni fedha, akasema bila mshiko hakuna muziki. Wa tatu akaleta yale ya kujuana. Mimi nikawaambia muziki unatoka dukani. Wakanicheka ile mbaya.

Sasa kwa kuwa kijiweni mwenye sauti kubwa ndiye mshindi, na sauti yangu mimi ndiyo hii ya kalamu, acha nijieleze hapa kwa raha zangu bila ya kukatishwa.

Nakupeleka Memphis, jimbo la Tennessee, kule Marekani kusini. Mwaka 1957 kulikuwa na kijana mmoja mweupe anaitwa Jim Stewart, mfanyakazi wa benki mchana, mpiga fidla usiku. Muziki wake ulikuwa ule wa wachunga ng'ombe, country, na kwa maneno yake mwenyewe baadaye alikiri kwamba muziki wa watu weusi alikuwa haujui kabisa. Akaanzisha kilebo chake cha kurekodi, akakiita Satellite. Vifaa vyenyewe vya kubahatisha. Mwaka uliofuata akamwendea dada yake, Estelle Axton, naye mfanyakazi wa benki, akamwambia dada, nahitaji mashine ya kurekodia. Yule mama akafanya kitu ambacho wengi wetu tungemtimua ndugu mlangoni: akaweka nyumba yake rehani. Mashine ikanunuliwa.

Mwaka 1960 ndugu hawa wawili wakapanga jengo la sinema iliyokuwa imefungwa, Capitol, barabara ya McLemore, kusini mwa Memphis. Mtaa huo ulikuwa unabadilika, wazungu wanahama, watu weusi wanahamia. Wakang'oa viti, ule ukumbi ukawa studio, na pale kwenye jukwaa la zamani wakapanga mitambo. Sakafu ya sinema unaijua ilivyo, inateremka ili wa nyuma aone. Kuinyoosha kulihitaji fedha, fedha haikuwepo, ikaachwa hivyo hivyo imelala upande. Wataalamu wa sauti mpaka leo wanasema ule mteremko ndio uliochangia ule mlio mzito wa santuri zao. Umaskini nao una maajabu yake.

Sasa hapa ndipo duka langu linapoingia. Pale mbele, kwenye kibanda walichokuwa wakiuzia bisi na pipi, Estelle akafungua duka la santuri. Ukiingia kutoka barabarani unakutana na mama mtu mzima nyuma ya kaunta, muziki unapigwa, na mlango wa studio uko hatua chache tu nyuma yake. Duka lilikuwa la kuingiza senti za kulipia pango, lakini likafanya kazi ambayo hakuna aliyeipanga. Vijana wa mtaa wakaanza kujaa. Mwenye fedha ananunua, asiye na fedha anasikiliza, na mama hafukuzi mtu. Wewe unayajua maduka yetu, ukisimama dakika tano bila kununua unaulizwa “kaka, tukusaidie nini?” kwa ile sauti yenye maana ya “toka”. Mama Axton alikuwa anakuuliza umeupenda wimbo gani, na kwa nini. Wimbo ukirekodiwa kule nyuma, unaletwa kaunta unapigiwa wateja. Wakitingisha kichwa, sawa. Wakiendelea na soga zao, wimbo unarudishwa jikoni ukapikwe upya.

Na wateja hao hao ndio waliokuja kuwa wanamuziki. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la vyakula, na ndani yake kijana anayewafungia wateja bidhaa kwenye mifuko. Jina lake David Porter. Akimaliza zamu anavuka barabara. Mwingine ni mtoto wa shule wa hapo hapo jirani, Booker T. Jones, ambaye alikuwa anapoteza saa nzima nzima dukani akisikiliza santuri asizoweza kununua. Siku moja kule studio mtangazaji wa redio Rufus Thomas alikuwa anarekodi na binti yake Carla, ikahitajika saksafoni ya sauti nene. Porter akasema namjua dogo mmoja. Akaenda mpaka shuleni, akamtoa Booker darasani, wakachukua saksafoni ya shule, hao studio. Wimbo ule, “Cause I Love You”, ulitoka mwaka 1960 na ndio uliowafungulia njia ndugu wale wawili. Booker alikuwa na miaka 15.

Huyo Rufus Thomas naye usimpite hivi hivi. Umri wake ulikuwa umeshapita 40, anatangaza WDIA, kituo cha kwanza Marekani kuelekeza vipindi vyake vyote kwa watu weusi, na huku ana kibarua chake kwenye kiwanda cha nguo. Mtu mzima, baba wa watoto, anaingia studio kama kijana anayetafuta zali. Na akalipata.

Mwaka 1961 jina Satellite likaleta utata, kumbe kampuni nyingine ilishalitumia. Wakachukua herufi mbili za Stewart na mbili za Axton, ikawa Stax. Pale juu mlangoni, kwenye ubao wa kutangazia filamu, baadaye wakabandika maneno ya kujigamba: Soulsville U.S.A. Yaani mji wa soul.

Mpaka hapo utasema hadithi nzuri, lakini mbona ya kawaida? Subiri kwanza. Kumbuka hiyo ni Memphis ya mwanzoni mwa miaka ya 60. Mweusi na mweupe hawakai meza moja hotelini, hawaogelei bwawa moja, watoto wao hawasomi pamoja. Sasa ndani ya jengo lile bendi ya nyumbani, wale wanaompigia kila mwimbaji anayekuja, ni Booker T. kwenye kinanda na Al Jackson kwenye dramu, weusi. Steve Cropper kwenye gitaa, aliyeanzia kuuza santuri pale kaunta, na baadaye Duck Dunn kwenye besi, weupe. Wanajiita Booker T. & the M.G.'s. Mwaka 1962, siku ambayo Dunn alikuwa bado hajajiunga na besi iko kwa Lewie Steinberg, kazi ya msanii mwingine ilikwama, wao wakabaki wanachezea vyombo kupoteza muda, na katika kupoteza muda huko ikazaliwa “Green Onions”. Haina hata neno moja la kuimba. Ukiisikia utasema ahaa, kumbe ni hii! Umeisikia kwenye filamu na matangazo kibao bila ya kujua wenyewe.

Wakitoka nje, mambo yanabadilika. Hawawezi kula pamoja wanapotaka. Basi kulikuwa na nyumba ya wageni, Lorraine Motel, mali ya mume na mke weusi, Walter na Loree Bailey. Pale hawakuulizwa rangi. Joto likizidi studio, wanahamia Lorraine, wanakula, wanaogelea, wanatunga nyimbo. Wilson Pickett na Cropper walitungia humo “In the Midnight Hour” mwaka 1965, na Eddie Floyd na Cropper wakatungia humo “Knock on Wood”. Jina Lorraine liweke akilini, tutalirudia, na wala si kwa furaha.

Mwaka 1962 hiyo hiyo lilifika gari kutoka Georgia limebeba bendi moja. Dereva wake alikuwa kijana mrefu, ambaye kutwa nzima alikuwa anaomba naye apewe nafasi aimbe. Jioni kazi ya wenye bendi ilipokuwa imedorora, wakasema haya, mwacheni dereva naye ajaribu asitusumbue. Akaimba “These Arms of Mine”. Cropper anasimulia kwamba nywele zilimsisimka. Dereva huyo ndiye Otis Redding.

Ninachokipenda mimi kuliko vyote ni kidogo sana. Mwaka 1967 vijana wa shule za Memphis, the Bar-Kays, walikuwa wanarekodi “Soul Finger”. Ikatakiwa kelele za watu wanaofurahi. Wenye studio wangeweza kutafuta waimbaji wa kulipwa. Wao wakafungua mlango, wakawaita watoto waliokuwa wanazagaa pale barabarani, wakawaambia pigeni makelele tukiwapa ishara. Malipo yao yakawa soda. Watoto wale wapo kwenye santuri mpaka leo wakipiga kelele zao, na kila ninapousikia wimbo ule nawawazia walivyorudi nyumbani jioni, mdomo mtamu wa soda, kuwaambia wazazi kwamba wamerekodi.

Hapa kwetu, tukumbushane tu, soul haikupokewa na kila mtu kwa vifijo. Bendi zetu za zamani zilijiita jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz, ingawa kilichopigwa humo kilikuwa rumba na mambo yetu wenyewe. Hilo halikumkera mtu. Lakini soul ya Kimarekani ilipowashika vijana wa Dar es Salaam, na mitindo yao ya nywele na suruali, Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani ukaipiga marufuku jijini. Kwa hiyo ukimuona mzee ametulia zake barazani usimdharau, huenda alishawahi kucheza Otis Redding kwa kujificha.

Turudi Memphis. Tarehe 10 Desemba 1967 ndege ndogo iliyombeba Otis na vijana wa Bar-Kays ilianguka ziwani Wisconsin. Otis alikuwa na miaka 26. Wanne kati ya wale vijana wa bendi walikufa naye. Aliyetoka hai majini ni mpiga tarumbeta Ben Cauley peke yake, na mpiga besi James Alexander alipona kwa kuwa alipanda ndege nyingine. Siku chache kabla, Otis alikuwa amerekodi “(Sittin' On) The Dock of the Bay”. Ilitoka mwaka 1968 yeye hayupo, ikawa namba moja.

Kabla msiba haujapoa, ukaja mwingine. Februari 1968 wazoa taka wawili weusi walisagwa na mashine ya gari lao la taka, na wenzao wapatao 1,300 wakagoma. Dk. Martin Luther King alikuja Memphis kuwaunga mkono, akafikia Lorraine. Ndiyo, Lorraine ile ile. Tarehe 4 Aprili alipigwa risasi akiwa amesimama kwenye baraza ya chumba chake. Mama Loree Bailey, mwenye nyumba, alipata kiharusi siku hiyo hiyo na akafariki siku aliyozikwa King. Mji ukawaka moto. Jengo la Stax halikuguswa na mtu. Watu wa mtaa walijua ni lao.

Sasa nifike kwenye lile la karatasi, na hapa ndugu yangu unayeimba kaa vizuri. Santuri za Stax zilikuwa zinasambazwa nchi nzima na kampuni kubwa ya New York, Atlantic. Miaka ya mwanzo ilikuwa ni kushikana mikono tu, kuaminiana. Mwaka 1965 wakaandikiana mkataba, Jim Stewart akasaini bila ya kuusoma vizuri. Mtu wa benki huyo! Atlantic ilipouzwa mwaka 1967 kwa Warner Bros.-Seven Arts, Stewart akataka kujitoa na mali yake. Ndipo alipoambiwa kuna kifungu: kanda zote mama za nyimbo zilizosambazwa na Atlantic ni mali ya Atlantic. Za Otis, “Green Onions”, zote. Na Sam & Dave, waliokuwa wametoa “Soul Man” iliyotungwa na Isaac Hayes na yule yule David Porter wa mifuko, kumbe walikuwa wameazimwa tu, wakarudishwa kwa mwenyewe. Miaka saba ya mtaa mzima, kuanzia mama aliyeweka nyumba rehani mpaka dogo aliyetolewa darasani, ikaondoka kwa aya moja.

Nina mshkaji wangu hapa mjini, sauti anayo, ngoma yake moja inapigwa kwenye bajaji mpaka unachoka. Mwaka jana alinionyesha mkataba aliosaini na kampuni moja, jina kapuni. Kurasa 14, zote za Kiingereza cha mahakamani. Nikamuuliza umeusoma? Akasema jamaa walikuwa na haraka na walimnunulia chakula cha mchana. Chakula gani, sikumuuliza. Ninachojua ni kwamba nyimbo zake tisa si zake tena, na hizo alizitungia chumbani kwa mama yake, huku wadogo zake wakimwitikia.

Stax hawakufa siku hiyo, na hili ndilo linalonifanya niwavulie kofia. Alikuwepo pale Al Bell, mtangazaji wa zamani, mweusi, kaingia mwaka 1965 kusukuma mauzo. Akasema kama tumeporwa ghala, tunajaza jingine. Mwaka 1969 wakatoa albamu 27 kwa mpigo. Moja kati ya hizo ni ya Isaac Hayes, mtoto aliyelelewa na babu na bibi katika ufukara wa kutupwa na aliyewahi kufanya kibarua cha machinjioni. Albamu yenyewe “Hot Buttered Soul” ina nyimbo nne tu, mmoja unapita dakika 18. Waliona kichaa. Ikauza kama maandazi ya asubuhi. Mwaka 1972 Hayes akachukua tuzo ya Oscar kwa wimbo wa filamu ya “Shaft”.

Mwaka huo huo, tarehe 20 Agosti, wakaubeba mtaa wao mpaka Los Angeles. Kitongoji cha Watts kilikuwa kimewaka kwa machafuko mwaka 1965, watu 34 wakafa. Stax wakakodi uwanja mkubwa wa michezo, wakapeleka wasanii wao karibu wote, kiingilio dola 1 tu, fedha kwa ajili ya watu wa Watts. Wakaja zaidi ya 100,000. Rufus Thomas, sasa ana miaka 55, katokea na suti ya pinki ya kaptula, watu wakavunja utaratibu wakamiminika uwanjani kucheza naye. Polisi hawakuhitajika. Mzee alichukua kipaza sauti, akaongea nao kwa utani kama baba na watoto wake, wakarudi mmoja mmoja kukaa. Upo kwenye filamu ya “Wattstax”, itafute.

Baada ya hapo ni mteremko. Mkataba mwingine wa usambazaji, safari hii na CBS, ukawabana. Madeni yakapanda kwa benki ya Union Planters, benki ambayo zamani Mama Axton mwenyewe aliwahi kuifanyia kazi. Yeye alishauza hisa zake na kuondoka tangu 1969. Tarehe 19 Desemba 1975, wiki moja kabla ya Krismasi, mahakama ikafunga milango na Al Bell akatolewa nje na watu wenye bunduki. Alishitakiwa kwa ulaghai wa benki, mwaka 1976 akaachiwa huru, lakini kampuni ilikuwa imeshakwenda. Jengo baadaye benki ikaliuza kwa kanisa kwa dola 10. Umesoma sawasawa, kumi. Mwaka 1989 likabomolewa, pakabaki kiwanja cha majani na chupa zilizovunjika, na mtaa ule ukazidi kuchoka mwaka hadi mwaka, maduka yanafungwa, vijana hawana pa kwenda.

Nikiwa na kisirani ningeishia hapo. Ila kuna binti mmoja sijakutajia, Deanie Parker. Alikuwa muuzaji wa pale dukani, akaimba kidogo, akawa msemaji wa kampuni mpaka mwisho. Yeye na wenzake hawakukubali kile kiwanja kibaki vile. Wakazunguka na bakuli la michango miaka nenda rudi. Mwaka 2000 wakaanzisha chuo cha muziki cha watoto wa mtaa ule, na mwaka 2003 jengo likasimama tena palepale, sasa makumbusho, na sakafu yake wakaijenga kwa makusudi iteremke kama ile ya zamani. Watalii wanaenda kupiga picha na Cadillac ya Isaac Hayes yenye madoido ya dhahabu, sawa, na wao wafaidi.

Lakini mimi siku nikipata nauli nitapitia mlango wa pili, wa chuo. Jioni madarasa yakiisha, watoto wa kusini mwa Memphis wanaingia na madaftari yao, wanapiga zile zile nyimbo ambazo mtaa wao ulinyang'anywa, na kati ya masomo wanayopewa yamo ya utunzi na biashara ya muziki. Tukutane wiki ijayo.